Kisogo

Miaka thelathini na miwili nimenyoa ndevu za watu
hapa Setúbal, mtaa wa Troino, mlango wa tatu toka kona,
na kila Jumamosi ya pili, saa ya kufunga,
navuka barabara, naketi kwa Evaristo, hasimu wangu,
namwachia shingo.
Kisogo changu sijapata kukiona.
Hata kwa vioo viwili, mkono huenda kushoto
ukidhani unaenda kulia.

Basi nani alinidanganya kwamba kitabu ni tofauti?

Nilikiandika usiku, baada ya kufagia nywele,
kurasa mia mbili na kumi juu ya mama yangu,
mpanga sadini makoponi,
aliyekijua king'ora cha kiwanda chake
kati ya ving'ora vyote vya mji,
hata usingizini, hata na homa.
Abílio mpiga chapa alishapokea nusu ya malipo.
Karatasi alishaikata.
Kilichobaki, alisema, ni jalada na ujasiri.
Mke wangu ndiye aliyesema: hata kinyozi hajinyoi.

Bi Zulmira Quaresma: ghorofa ya nne, lifti mbovu,
paka mmoja asiye na adabu,
penseli zilizochongwa kwa kisu cha jikoni.
Hakusifu. Kahawa hakunikaribisha.
Alilamba kidole, akafunua, akaanza,
na sauti ile ya penseli naijua:
wembe juu ya ngozi kavu.

"Jua limezama humu mara kumi na moja.
Mbona halichomozi?"
Akayafuta machweo kumi, akaniachia moja.
"Machozi yalimtiririka kama mto. Mto gani?
Huu wetu wa Sado hurudi nyuma bahari ikijaa.
Mama yako alilia hivyo?"
Nikanyamaza.
Mama alilia akimenya vitunguu,
ili asiulizwe.
"Basi andika vitunguu."

Niliteremka nikimtukana kwa kila kipandio.
Nani kampa? Yeye amezaa kitabu gani?
Wiki nzima niliwakwangua wateja masikio,
mpaka Evaristo akavuka barabara kuja kuniuliza
kama naumwa.

Nikarudi.
Nyani haoni kundule,
na mimi langu nilikuwa karibu kulitia jalada.

Alikuwa amefika ukurasa wa tisini na mbili.
Akavua miwani. Sauti, kwa mara ya kwanza, ikashuka.
"Belmiro. Mama yako umemzika ukurasa wa sitini na moja.
Mvua, jeneza, viatu vyako vya kuazima. Nilikuwapo.
Hapa anatia samaki chumvi,
anakuuliza kama umekula.
Hili ni kosa, au ni hamu?
Likiwa kosa nalifuta sasa hivi.
Ikiwa hamu, iseme.
Usimwache msomaji adhani hujui kuhesabu."

Paka alipita juu ya meza, juu ya mazishi.
Ukurasa ule niliupitia mara nne, peke yangu,
na mara zote nne mama alikuwa hai
nami sikuona kasoro.

Abílio anapiga simu: karatasi inavuta unyevu.
Nayo ivute. Na yeye avute subira.

Usiku huu duka limefungwa, taa moja,
nywele za mtu bado zi sakafuni.
Naandika: amekufa. Nafuta.
Naandika: amekufa na bado ananiuliza kama nimekula.
Nalisoma kwa sauti, mbele ya kioo,
na kioo, kama kawaida yake, kinakubali kila kitu.

Kesho nitapanda zile ngazi
nikamuulize Bi Zulmira:
hapo katikati, baada ya kufa,
niweke mkato, au nukta?